Majina mawili, laini moja: kisa cha kundi la WhatsApp la akina mama wa Mombasa

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari miwili. Uliingia kundini Alhamisi moja ya Agosti 2023, yapata saa nne na nusu usiku, wakati ambapo wanawake wengi wa mtaa wameshaosha vyombo na wamejinyoosha na simu zao:

"Kumbe mhazini wetu ana majina mawili na siye twalijua moja. Na daftari la pesa, ni moja au nalo ni mawili?"

Hakuna tusi hapo, wala neno "mwizi" halimo. Ukimsomea mgeni wa mtaa atakwambia ni swali tu. Lakini kufikia alfajiri wanachama wote 24 walikuwa wameshausoma, kufikia adhuhuri ya Ijumaa ulikuwa umevukia kundi jingine la mtaa lenye watu zaidi ya 700, na Jumatatu asubuhi kijana mmoja alikuwa amesimama kaunta ya kituo cha polisi akitaka mtu ashikwe. Aliyetakiwa kushikwa ni nyanya wa miaka sabini na kitu, asiyeweza kuandika ujumbe wa simu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, mmoja wa wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua ingawa haiwalipi. Kisa hiki nimekishona kwa visa zaidi ya kimoja vilivyopita mikononi mwangu, na watu wake nitawaita kwa vyeo vyao. Mtaa pia nauacha bila jina. Tosha kwamba ni kisiwani, upande wa Majengo.

Orodha

Kundi lilianza kama mchezo wa kawaida. Wanawake 24, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 48,000. Pesa zilitolewa mkononi, Jumapili baada ya alasiri, nyumbani kwa Bi Mkubwa, ambaye ndiye aliyeuanzisha mchezo na ndiye aliyewakanya walipogombana. Mhazini aliandika daftarini kwa kalamu ya wino mwekundu. WhatsApp ilikuja baadaye, kwa ajili ya kukumbushana, kutangaza misiba, na kutumiana picha za mishono ya madera.

Mhazini ni muuza mahamri na mbaazi. Alikuja Mombasa kutoka bara miaka ya tisini, akaolewa hapa, akasilimu, akapewa jina la Kiislamu. Mumewe ameshatangulia mbele ya haki. Watoto wamekua, wajukuu wapo. Mtaani ana jina moja, lile alilopewa siku ya kusilimu, na wengi hata hilo hawalitumii: humwita Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kitambulisho chake hata hivyo kilibaki na jina la ubatizo. Kubadili jina kisheria kunataka wakili, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwanamke anayekanda unga saa tisa za usiku hana sababu ya kuanza safari hiyo. Jina lake lilimtosha. Sheria ilikuwa na jina jingine, na kwa karibu miaka thelathini majina hayo mawili hayakukutana.

Yalikutana kwa sababu ya mkopo. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipofungua dirisha la vikundi Juni 2023, katibu, ambaye ni mwalimu wa chekechea na mtu wa mpangilio, aliwashauri wenziwe wajisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba ya kikundi, na viongozi wanaojulikana. Maana yake kwa vitendo ni orodha: majina kamili, namba za vitambulisho, sahihi. Katibu akapiga picha vitambulisho vyote, mbele na nyuma, akavipanga katika faili moja la PDF, na Jumanne ya wiki ile akalitia kundini na maneno haya: "Shoga zangu, kila mtu ahakikishe jina lake limeandikwa sawa."

Hapa ndipo kisa kilipozaliwa, na nataka msomaji akae hapa kidogo kabla hajakimbilia ule ujumbe wa Alhamisi. Kitambulisho cha Kenya hakisemi jina tu. Kinasema tarehe ya kuzaliwa, wilaya ya kuzaliwa, mahali kilipotolewa, na nyuma yake lokesheni na kata ndogo. Wanawake waliokuwa wakidanganyana umri kwa mapenzi tangu wasichana sasa walikuwa na miaka ya kila mmoja mbele ya macho. Kwanza walicheka. Yule aliyejidai mzaliwa wa Kuze, hapa hapa kisiwani, ameandikwa Kilifi. Yule "mdogo wetu" kumbe ni mkubwa wa mwenyekiti. Bi Mkubwa mwenyewe ana majina matatu ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita. Katika wanawake 24, hakuna mtu aliyeitwa mtaani vile alivyoandikwa. Kicheko kilikwisha walipofika kwenye kitambulisho cha mhazini, kwa sababu jina lile lilibeba dini na kabila pamoja.

Laini ya Bi Mkubwa

Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Bi Mkubwa. Macho yake yana mtoto wa jicho, na simu yake, kama zilivyo simu za wazee wengi, inaendeshwa na mjukuu, msichana wa miaka 19 anayelala chumba kimoja naye. Mjukuu humsomea ujumbe, humjibia, humtumia pesa, humwekea bando. Akijibu "Bi Mkubwa asema ahsante," watu wanajua ni nani anayebonyeza. Usiku ule hakuandika "Bi Mkubwa asema." Aliandika yake.

Mbona hakuandika kwa simu yake? Kwa sababu hana laini. Na hana laini kwa sababu hana kitambulisho. Alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba, na kwa vile jina la ukoo wake ni la Kiarabu na babu yake hana cheti cha kuzaliwa, akaambiwa alete stakabadhi za babu kisha afike mbele ya kamati ya kumchuja. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Waswahili, Wabajuni, Waarabu na wenzao wamesota kwenye mabenchi hayo miaka mingi, na ilikuwa hadi Februari 2025 ndipo Rais alipotangaza kuondolewa kwa uchujaji huo. Mwaka 2023 binti huyu alikuwa mtu mzima asiye na kitambulisho cha kuthibitisha utu uzima wake. Kanuni za usajili wa laini za simu za 2015 zilitaka kila laini iwe na mtu mwenye kitambulisho nyuma yake, kwa hiyo mtandaoni aliishi chini ya jina la nyanyake, mithili ya mpangaji wa chumba cha ndani asiyejulikana na mwenye nyumba.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliandika vile, jibu lake halikuwa na uhusiano na pesa. Alisema: "Mimi nimezaliwa hapa, mamangu kazaliwa hapa, naambiwa nithibitishe mimi ni nani. Yeye katoka bara, ana majina mawili, na kitambulisho anacho." Sikumtetea siku ile na simtetei sasa. Lakini hilo neno naliweka hapa kwa sababu bila lenyewe kisa hiki kinaonekana ni cha umbea, nacho si cha umbea. Ni binti aliyeumizwa na kaunta moja akaenda kumuumiza mtu wa mtaani kwake kwa kipimo kilekile alichopimiwa.

Ijumaa, mtu ambaye hajajulikana mpaka leo alipiga skrinshoti ujumbe na picha ya kitambulisho cha mhazini, akavitia pamoja katika lile kundi kubwa. Huko hakuna aliyejua uhusiano wa watu hawa. Mmoja akafanya lile tunalolifanya sote Kenya tukitaka kumjua mwenye namba: akaingia M-Pesa, akaandika namba kana kwamba anatuma pesa, jina likajitokeza, akakatisha. Sekunde chache baadaye majina ya kitambulisho ya Bi Mkubwa yalikuwa kundini kama mtoa tuhuma. Kwa hiyo ndani ya siku moja wanawake wawili walivuliwa majina ya mtaa, mmoja kwa faili la katibu na mwingine kwa huduma ya kutuma pesa, na hakuna kati ya njia hizo iliyokuwa ya hila. Maoni yaliyofuata siyarudii. Kulikuwa na ya "wa bara," kulikuwa na ya dini, na kulikuwa na mtu aliyeuliza kama mahamri yake bado yanafaa kuliwa.

Jumapili mhazini hakuja. Alimtuma mtoto na daftari na mfuko wa pesa. Zilihesabiwa mara tatu. Zilipungua shilingi 300, na ukurasa wa mwisho ulieleza: mchele wa msiba, idhini ya mwenyekiti. Basi.

Milioni ishirini

Mwana mkubwa wa mhazini ni dereva wa tuktuk. Kituoni aliandikiwa kwenye kitabu cha matukio, akapewa namba ya OB, na afisa wa zamu akamtajia kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, unyanyasaji wa mtandaoni: faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kijana akarudi mtaani na tarakimu hiyo mdomoni.

Nimeona tarakimu zikifanya kazi ambayo hakimu hajaifanya. Usiku ule wanawake 9 walitoka kundini bila kuaga. Hakuna aliyewashtaki wala aliyewahi kufikiria kuwashtaki. Lakini "milioni ishirini" katika mtaa ambao mchezo mzima ni 48,000 haisikiki kama adhabu ya mtu aliyekosa. Inasikika kama hatari ya kuwa mahali fulani.

Kifungu chenyewe kinastahili kusomwa taratibu. Kinamgusa anayewasiliana na mtu, moja kwa moja au kwa kuzunguka, akijua au akipaswa kujua kwamba mawasiliano hayo yatamtia mtu hofu ya kudhuriwa au ya kupata hasara, au yatamwathiri vibaya, au yana maneno machafu au ya kuudhi kupindukia. "Kumwathiri vibaya" ni shimo pana. Ujumbe wa mjukuu unaingia humo, na pia salamu ya mtu aliyekukumbusha deni. Wanaokumbuka kesi ya Geoffrey Andare wataona kufanana. Alishtakiwa mwaka 2015 kwa aliyoyaandika Facebook, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, na tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu hicho kwa kuwa kipana na kisicho wazi mno hata mtu asijue lipi limekatazwa. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya 2018 ikaja na maneno ya jamaa mmoja na yale. Chama cha wanablogu, BAKE, kikaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018, kisha Februari 2020 Jaji James Makau akaipitisha sheria nzima. Oktoba 2025 kifungu cha 27 kikarekebishwa tena, na Mahakama Kuu ikasimamisha marekebisho yake ndani ya siku chache. Mtu wa kawaida hawezi kufuata mnyororo huu. Anachokifuata ni hofu.

Je, kuna jinai hapa? Nilimwambia kijana wazi: sidhani. Kuchafua jina kulikoma kuwa kosa la jinai tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo alipokitangaza kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Jacqueline Okuta. Kukitumia kifungu cha 27 kumkamata mtu kwa ujumbe mmoja ni kumrudisha kwa dirishani aliyetolewa mlangoni. Hakupenda jibu langu. Akatafuta wakili.

Barua ya madai ilikuja kwa Kiingereza. Ilitumwa kwa Bi Mkubwa, kwa majina yake matatu ya kitambulisho, na karani aliyeileta alizunguka mtaa tangu saa tatu hadi adhuhuri akiuliza jina hilo. Alimuuliza mpaka Bi Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa barazani akichagua mchele. Akamjibu hamjui. Hakuwa akidanganya. Hakulisikia vizuri, na kwa vyovyote hakuna aliyemwita hivyo tangu mamake afe. (Katiba, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Mawakili wa Mombasa bado hawajaarifiwa.)

Madai yenyewe yalikuwa na miguu. Kashfa kwa maana ya madai bado ipo, na swali huweza kukashifu kama kauli: sheria hutazama msomaji wa kawaida ameelewa nini. Kwamba mhazini ana majina mawili ni kweli, na ukweli ni kinga. Kwamba daftari huenda ni mawili ni tuhuma ya wizi iliyovishwa buibui, na haikuwa kweli. Ila njia ni nyembamba. Kesi ya kashfa lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ni ya haraka na rahisi na ambayo Mombasa tunayo, imekatazwa na sheria yake kusikiliza kashfa. Inabaki mahakama ya hakimu, wakili, ada, na miaka. Na mwisho wa yote hukumu ingekuwa dhidi ya mwenye laini, mwanamke ambaye usiku ule alikuwa amelala.

Ili kumtoa Bi Mkubwa, ilibidi mjukuu ajitokeze aseme ni mimi. Ajitokeze kama nani? Laini si yake, jina lililotokea M-Pesa si lake, kundini hayumo kama mwanachama maana kikundi kilichosajiliwa kinataka namba ya kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa tu ndicho kilichomtambua. Mtu pekee aliyefanya kitendo katika kisa hiki ndiye pekee ambaye sheria haikuwa na mahali pa kumwandika.

Admini aliyeko Muscat

Nilipite hili upesi, ingawa ndilo watu hunihadithia wakicheka. Barua ilimtaja pia mwenyekiti, kama admini, kwamba aliuona ujumbe na akauacha siku tatu. Mwenyekiti akapata homa, akatoka kundini. Hakujua kwamba admini wa pekee akitoka, programu humteua mwingine yenyewe. Ikamteua mwanachama aliyekuwa Muscat kwa kazi za nyumbani, ambaye aliamka akakuta yeye ndiye msimamizi wa kundi lenye kesi. Alilia kwenye simu. Alidhani atarudishwa.

Kisheria, admini Kenya yuko kwenye ukungu. Miongozo iliyotolewa kabla ya uchaguzi wa 2017 iliwatwika wasimamizi wa makundi jukumu la kudhibiti yanayosemwa, lakini ililenga siasa na uchochezi. Mahakama za India zimelipima swali lenyewe: Mahakama Kuu ya Bombay, benchi la Nagpur, mwaka 2021, na ya Kerala mwaka 2022, zote zikasema admini habebi kosa la mwanachama kwa sababu tu ya uadmini. Hukumu hizo hazitufungi, lakini majaji wetu huzisoma. Jambo moja limebadilika: tangu mwaka 2022 admini anaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote. Zamani angesema hakuwa na uwezo. Mwenyekiti alikuwa nao na hakuutumia, na nilipomuuliza alisema aliogopa kumfutia Bi Mkubwa maneno. Adabu ndiyo iliyomzuia.

Mlango uliofunguka

Kila mtu alikuwa akiutazama ujumbe wa Alhamisi. Mimi nilirudi kwenye faili la Jumanne.

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisitakiwe bila sababu wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaujengea msingi huo nyumba. Katika nyumba hiyo kuna chumba maalumu cha data nyeti, na ndani yake wamewekwa imani ya mtu, asili yake ya kikabila, hali yake ya ndoa, pamoja na majina ya watoto, wazazi na mume au mke wake. Nilipolisoma hilo kwa wanawake wenyewe walishangaa: kumbe "Mama Fulani," jina tunaloitana kutwa, ni data nyeti. Mtunga sheria hakumfikiria Mswahili pale.

Swali gumu ni kama kikundi cha mchezo kinaguswa na sheria hiyo. Inaachilia shughuli za mtu binafsi au za nyumbani pekee. Mchezo wa zamani, wa daftari na kaimati, ungejificha humo. Lakini kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na viongozi, kilichokusanya nakala za vitambulisho kwa ajili ya mkopo, kimeshatoka nyumbani. Hayo ni maoni yangu na najua mawakili wanaoyapinga. Katibu alikuwa na sababu ya kukusanya nakala zile. Hakuwa na sababu ya kumwonyesha kila mmoja nakala ya mwenziwe. Angeweza kumtumia kila mtu mstari wake peke yake.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hayana ada, yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90, na swali lake ni dogo: karatasi hii ilifikaje pale? Haliulizi nani ni mwizi wala nani ni mwenyeji. Mwishoni mwa Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini tatu kwa pamoja, mojawapo shilingi 1,850,000 kwa baa ya Casa Vera ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Habari ikafika mtaani. Katibu akaja kwangu amebeba simu mikono miwili kama sahani ya uji wa moto.

Malalamiko hatukuyapeleka. Tuliyaandika, kwa Kiswahili, kurasa mbili, tukamsomea mhazini na mwanawe. Mhazini alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alisema jambo zaidi ya "Mungu yupo." Alisema: "Hili ndilo. Sikuudhika kwa kuulizwa daftari, mhazini huulizwa. Niliudhika kuvuliwa nguo na watu wangu kisha nikaulizwa kwa nini niko uchi."

Alasiri ya suluhu

Wakaketi nyumbani kwa Bi Mkubwa, Novemba, Jumapili ileile ya mchezo. Katiba katika ibara ya 159 inazitaka mahakama zikuze upatanisho, na hapa upatanisho ulikuwepo kabla ya mahakama. Wakili wa kijana alikubali kuisimamisha barua. Mimi nilikuwepo kuandika.

Masharti ya mhazini yalikuwa manne, na nayaweka kwa mpangilio wake kwa sababu si mpangilio ambao wakili angeuchagua. Kwanza, faili lifutwe katika simu ya kila mtu, mbele ya mwenziwe, na katibu abaki na nakala za karatasi tu, ndani ya kabati lenye kufuli. Hilo lilichukua saa nzima, maana nusu ya wanawake hawakujua simu zao huhifadhi wapi. Pili, radhi iombwe katika lile kundi kubwa pia. Tatu, asiulizwe tena kuhusu kitambulisho. Nne, mjukuu aje mwenyewe alfajiri amsaidie kukaanga mahamri kwa wiki mbili. Mwanawe alilipinga la nne akasema ni mchezo wa kitoto. Mamake akamnyamazisha kwa jicho.

Kuhusu la tatu, mwanamke mmoja, kwa nia njema, alimwambia sasa abadilishe jina kisheria ili mambo yaishe, na kikundi kingemchangia ada. Mhazini akakataa. "La kitambulisho nilipawa ni babangu, la hapa nilipawa ni mume wangu. Yote nilipawa. Hakuna nililoliiba." Nilikuwa nimeshaandika "atabadili jina" kwenye rasimu, nikaifuta.

Radhi ilitolewa kwa ujumbe wa sauti. Tulibishana juu ya hili. Mimi nilitaka maandishi, kwa ajili ya ushahidi. Bi Mkubwa akasema maandishi ndiyo yaliyomponza, kwa sababu kila mtu aliyaona akadhani ni yake. Sauti ya binti ya miaka 19 haiwezi kudhaniwa ya nyanya. Mjukuu akarekodi mara tano, mara nne akakatizwa na kilio. Ya tano ikaenda, dakika moja na sekunde kumi na kitu, kwa namba ileile ya Bi Mkubwa, akianza kwa kutaja jina lake mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutajwa kundini.

Kundi halikurudi lilivyokuwa. Wanawake 6 kati ya wale 9 walirejea, 3 hawakurejea. Sasa kuna makundi mawili: la matangazo, ambalo viongozi tu ndio huandika na kila mtu amewekwa kwa jina la kitambulisho kwa sababu ya mkopo, na jingine, la mishono na soga, ambalo halina katiba wala mhazini na ambamo watu ni Mama Fulani kama zamani. Katika la kwanza hakuna anayecheka. Walilipata somo la sheria, na walichokifanya nalo ni kujigawa: wakawa watu wawili wawili, kila mmoja na chumba chake. Mimi naliona hilo ni hasara, katibu anaona ni usafi.

Namba ya OB bado iko kituoni na majina matatu ya Bi Mkubwa. Tulikwenda naye kuomba ifutwe, tukaambiwa kitabu kile hakifutwi, ila huongezwa maandishi kwamba pande zimepatana, yakaongezwa. Mjukuu alipata kitambulisho mwaka 2025, akanunua laini yake siku hiyohiyo. Bi Mkubwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja, na simu sasa anaishika mwenyewe. Haandiki. Hubonyeza kipaza sauti, na kila ujumbe anaoutuma, hata wa kuuliza bei ya mchicha, huanza vilevile: "Ni mimi mwenyewe, si mjukuu."